KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: MAISHA YA DENIS BURKITT NA KIRUSI KIJIFICHACHO

Utangulizi

Wahenga walipotuachia methali isemayo kuwa kikulacho ki nguoni mwako, yamkini walimfikiria chawa, au jamaa msaliti. Hawakuwa na virusi akilini. Hata hivyo, ni vigumu kupata methali nyingine inayoeleza kwa ufasaha zaidi tabia ya jamii ya virusi vya hepesi. Virusi hivi vikishaingia mwilini havitoki tena. Mtoto hupatwa na tetekuwanga, akapona, akasahau. Miaka hamsini baadaye kirusi kilekile huzuka katika mwili uleule kwa sura ya mkanda wa jeshi. Malengelenge ya midomo hukauka, kisha hurejea mahali palepale mwili unapochoka. Mfumo wa kinga huvishinda virusi hivi vitani, lakini hauwezi kuvifukuza nyumbani.

Miongoni mwa virusi hivyo kimo kimoja ambacho zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi duniani wanacho mwilini, wengi wao bila kujua. Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Majina kinayoyabeba ni ya wanasayansi wawili wa London, lakini safari ya kukigundua haikuanzia London. Ilianzia katika wodi ya watoto ya hospitali ya Mulago, mjini Kampala, na aliyeianzisha hakuwa mtaalamu wa virusi. Alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, ambaye hakuwahi kumiliki maabara. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt.

Makala haya yanasimulia maisha ya Burkitt kwa kuzingatia jambo moja: kwamba alifanikiwa kwa sababu aliuliza ugonjwa uko wapi kabla ya kuuliza ugonjwa ni nini, na kwa sababu alikuwa tayari kuyaacha maelezo yake mwenyewe pindi ushahidi ulipoyapinga.

Kuzaliwa na Malezi

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, wilayani Fermanagh, katika eneo ambalo leo ni Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya, mtu wa barabara na madaraja. Wakati wa mapumziko mzee huyo alikuwa na shughuli nyingine iliyowashangaza majirani. Aliwanasa ndege wadogo waitwao robini, akawavisha pete miguuni ili aweze kumtambua kila mmoja wao, kisha akawaachilia na kuchora ramani ya mahali kila ndege alipoishi na mipaka aliyoilinda. Kazi hiyo, aliyoifanya katika miaka ya 1920 kwenye ardhi ya nyumbani kwake, ilikuja kuheshimiwa na wataalamu wa ndege. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa mchora ramani hakuenda mbali na asili yake.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alijikuta katika ugomvi wa wavulana waliokuwa wakirushiana mawe. Jiwe moja lilivunja miwani yake, na vigae vikampofusha jicho la kulia. Jicho hilo liliondolewa. Tangu siku hiyo aliutazama ulimwengu kwa jicho moja, na kama itakavyobainika, jicho hilo liliona mambo ambayo wenye mawili waliyapita.

Mwaka wa 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi aliyetazamiwa kung'ara. Hapo chuoni alijiunga na kikundi cha wanafunzi Wakristo waliokutana kwa sala na usomaji wa Biblia, na imani hiyo ikawa dira ya maisha yake yote. Aliamini kwamba ameitwa kutibu, akauacha uhandisi na kuingia kitivo cha utabibu. Alihitimu mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapata ushirika wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Edinburgh.

Njia ya Kwenda Uganda

Burkitt aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika Magharibi. Alikataliwa, na sababu ilikuwa jicho lake. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, jeshi halikuwa na anasa ya kuchagua sana; mwaka wa 1941 alipokewa katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka wa 1943 alimwoa muuguzi Olive Rogers, ambaye angekuwa mwenzi wake hadi mwisho. Utumishi wa jeshi ulimleta Afrika Mashariki, na katika kipindi hicho akapata nafasi ya kuizuru Uganda. Vita vilipomalizika aliomba tena kazi ya serikali ya kikoloni, na mara hii akakubaliwa.

Mwaka wa 1946 alipelekwa Lira, katika wilaya ya Lango kaskazini mwa Uganda. Kwa upasuaji, wilaya nzima ilimtegemea yeye. Ni hapo ambapo tabia ya baba ilijitokeza kwa mwana. Burkitt aligundua kwamba wanaume waliokuja kupasuliwa mabusha hawakutoka kila pembe ya wilaya kwa kiasi sawa. Upande wa mashariki ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida mno. Upande wa magharibi ulikuwa nadra. Daktari mwingine angeendelea kupasua tu. Burkitt alichora ramani, na tofauti hiyo ikaonekana kuandamana na mtawanyiko wa minyoo ienezwayo na mbu. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilimfunza kwamba mahali anapotoka mgonjwa ni sehemu ya maradhi yake.

Mwaka wa 1948 alihamishiwa Kampala, akawa daktari wa upasuaji Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa utabibu wa Makerere.

Uso wa Mtoto

Mnamo 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mvulana wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Meno yalikuwa yamelegea, na uso ulikuwa umepoteza umbo. Burkitt hakuelewa. Uvimbe wa saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Usaha nao hauchipuki katika pembe nne za taya kwa wakati mmoja. Alimpiga mtoto huyo picha, akaandika maelezo, na kama ilivyokuwa ada siku hizo, hakuwa na tiba ya kumpa.

Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, mashariki ya Kampala. Alipotazama nje dirishani alimwona mtoto mwingine aliyeketi nje na mamaye, uso wake ukiwa umevimba vilevile. Mtoto mmoja ni ajabu. Watoto wawili ni swali. Burkitt alitoka, akampima, na kugundua kwamba alikuwa na uvimbe mwingine tumboni. Aliporudi Kampala alizama katika kumbukumbu za hospitali na za uchunguzi wa maiti. Watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe katika figo, ini au ovari. Madaktari waliwahesabu katika mafungu tofauti, kila mmoja kwa kiungo alichokitibu. Hakuna aliyekuwa ameyaunganisha mafungu hayo na kusema kwamba huu ni ugonjwa mmoja.

Ni haki kutaja hapa kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Albert Cook, daktari wa misheni aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka wa 1897, aliacha kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa taya. J. N. P. Davies, mtaalamu wa patholojia wa Makerere, alikuwa ameanzisha daftari la saratani la Kampala na kuonyesha kwamba saratani za tezi ziliwaandama sana watoto wa Uganda. Naye Mmarekani Gregory O'Conor alithibitisha kwa hadubini kwamba uvimbe huu ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga zenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mchango wa Burkitt ulikuwa kuviunganisha vidole.

Mwaka wa 1958 alichapisha makala kuhusu watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Takriban hakuna aliyeyajali.

Ramani na Safari Ndefu

Kilichomsukuma mbele kilikuwa ugeni wa George Oettlé, mtaalamu wa saratani kutoka Afrika Kusini. Oettlé alimweleza kwamba ugonjwa huo haukuwapo kwao. Kauli hiyo ingeweza kupita kama mazungumzo ya chai. Kwa Burkitt ilikuwa mlango. Ikiwa ugonjwa upo Uganda na haupo Afrika Kusini, basi kuna mpaka mahali fulani, na mpaka una sababu.

Kwa msaada wa pauni chache tu alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani. Swali lilikuwa rahisi: je, mmewaona watoto kama hawa? Majibu yalipofika, alichomeka pini katika ramani iliyokuwa ukutani. Pini zilijipanga zenyewe. Zilichora mkanda uliokatiza bara pande mbili za Ikweta, na mkia ulioteremka kusini kupitia Msumbiji.

Ramani ya ukutani haikumtosha. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Edward Williams na Clifford Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford la mwaka wa 1954 walilolinunua kwa pauni 250. Kwa majuma kumi walisafiri takriban maili 10,000, wakapitia Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini, wakazuru hospitali 57. Popote walipofika Burkitt alionyesha picha zake na kuuliza swali lilelile. Gharama yote haikufika pauni 700. Katika historia ya utafiti wa saratani ni nadra kupata fedha kidogo kiasi hicho zilizozaa maarifa mengi kiasi hicho.

Waliporudi, mpaka ulikuwa umejulikana. Haukuwa mpaka wa makabila wala wa mataifa. Karibu na Ikweta ugonjwa ulikoma panapo kimo cha futi 5,000 hivi, na kadiri msafiri alivyokwenda mbali na Ikweta ndivyo kimo hicho kilivyoshuka. Alexander Haddow, aliyeongoza Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki mjini Entebbe, alitambua kwamba kimo kilikuwa kinasimamia jambo jingine, nalo ni joto. Ugonjwa ulihitaji mahali ambapo baridi haishuki chini ya takriban nyuzi 16 za Selsiasi, na ambapo mvua hupita milimita 500 kwa mwaka. Ramani ya Kenya ilisema vivyo hivyo: ugonjwa ulikuwapo kandokando ya Ziwa Viktoria na katika Pwani, lakini ulikuwa nadra katika nyanda za juu za kati.

Joto na mvua ni makao ya mbu. Burkitt na Haddow walifikia dhana kwamba saratani hii huletwa na kirusi kinachobebwa na mdudu. Dhana hiyo ilikuwa na kosa ndani yake, lakini kosa hilo lilikuwa na rutuba.

Hadubini ya London

Miezi saba kabla ya safari ndefu, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo kijana mtafiti aliyeitwa Anthony Epstein, mtaalamu wa kirusi kinachosababisha saratani kwa kuku. Wakati huo wazo la kwamba virusi vinaweza kuleta saratani kwa binadamu lilichekwa na wengi. Epstein aliposikia habari za saratani inayofuata joto na mvua, alikata shauri kuyaacha mengine yote. Wakakubaliana: Burkitt angetuma vipande vya uvimbe kwa ndege, naye angetafuta kirusi.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakuna kilichoonekana. Vipande vilifika kutoka Uganda, vikapasuliwa, vikatazamwa kwa hadubini ya elektroni, na kila mara jibu lilikuwa kimya. Lakini mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Mnamo Desemba 1963 ukungu ulifunika London, na ndege iliyobeba sampuli ikalazimika kutua Manchester. Chupa ilipofika hatimaye, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoharibiwa na bakteria. Badala ya kuyamwaga, Epstein alitazama tone moja kwa hadubini ya kawaida. Uchafu ule ulikuwa seli hai za saratani zilizobanduka safarini na kuelea. Ajali hiyo ilimfunza namna ya kuzikuza. Yeye na msaidizi wake Yvonne Barr walifanikiwa kuziotesha zikaendelea kuishi ndani ya chupa, jambo ambalo halikuwa limewezekana kwa seli za aina hiyo.

Tarehe 24 Februari 1964 Epstein aliziweka seli hizo chini ya hadubini ya elektroni. Kirusi kilikuwapo, na umbo lake lilikuwa la jamii ya hepesi. Mwezi uliofuata matokeo yalichapishwa kwa majina ya Epstein, Bert Achong mzaliwa wa Trinidad, na Barr. Hapa pana funzo la kwanza kuhusu hila ya kirusi hiki. Ndani ya uvimbe wa mtoto hakikuonekana hata kwa hadubini yenye nguvu kuliko zote. Kilijidhihirisha pale tu seli zilipotolewa mwilini, mbali na walinzi wake.

Mdudu Asiyekuwapo

Seli hizo zilipelekwa Philadelphia, Marekani, kwa Werner na Gertrude Henle, mume na mke waliokuwa mabingwa wa virusi. Walibuni njia ya kupima kingamwili katika damu, na matokeo yakawaduwaza wote. Watoto wa Uganda walikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi hicho, naam, lakini Wamarekani wengi nao walikuwa nazo. Kirusi kilichosakwa katika joto la Ikweta kilikuwa kila mahali. Kisha mfanyakazi wa maabara yao, ambaye awali damu yake haikuwa na kingamwili hizo, aliugua homa ya matezi. Alipopona, damu yake ilikuwa nazo. Mwaka wa 1968 ikatangazwa kwamba kirusi cha Epstein-Barr ndicho chanzo cha homa hiyo inayowapata vijana wa nchi tajiri. Hakibebwi na mbu. Huenezwa kwa mate.

Kwa mtu aliyezunguka nusu ya bara akifuata nyayo za mbu, habari hizi zingeweza kuwa msiba. Burkitt hakuukumbatia uongo kwa kuwa ni wake. Mwanasayansi Gilbert Dalldorf, aliyefanya utafiti nchini Kenya, alikuwa ameonyesha kwamba ugonjwa huu unafuatana na malaria kali. Mwaka wa 1969 Burkitt aliandika kuiunga mkono hoja hiyo dhidi ya dhana yake ya awali: mbu yumo, lakini habebi kirusi; hubeba malaria, nayo malaria hukifungulia kirusi mlango. Ramani ilikuwa ya kweli. Kilichobadilika kilikuwa usomaji wake.

Utafiti wa miaka ya 1970 ulioongozwa na Guy de-Thé katika eneo la West Nile, Uganda, ambapo damu ya watoto takriban 42,000 ilihifadhiwa na afya yao kufuatiliwa, ulionyesha kwamba watoto waliokuja kuugua saratani hii walikuwa na viwango vya juu vya kingamwili za kirusi hicho kabla ya ugonjwa kutokea.

Namna Kirusi Kinavyojificha

Je, kirusi huwezaje kuishi miaka sabini katika mwili wenye askari wanaokijua? Jibu limepatikana polepole, na sehemu kubwa yake baada ya Burkitt kufariki. Kirusi cha Epstein-Barr huchagua maficho ya ajabu: huingia katika seli B, ambazo ni zile zile seli zinazotengeneza kingamwili. Ni kama mwizi anayelala katika kambi ya polisi, tena akiwa amevaa sare.

Kila seli ya mwili hukata vipande vya protini zake na kuvianika nje, mfano wa mwenye duka anayepanga bidhaa dirishani. Seli T za kinga hupita zikikagua, na zikiona kipande cha adui huiua seli hiyo. Kirusi hiki, kikishatulia, huzima takriban jeni zake zote. Kisipotengeneza protini, hakuna cha kuanikwa. Hata hivyo, seli inapogawanyika kinahitaji protini moja ya kukifunga kwenye kromosomu ili kisipotee. Mwaka wa 1995 ilionyeshwa kwamba protini hiyo ina sehemu ndefu inayojirudiarudia ambayo huizuia kukatwakatwa na kuanikwa. Kirusi kinapoamka ili kisambae, hutumia hila nyingine: protini moja hufunga njia ya kufikisha vipande dirishani, na nyingine huiga mjumbe wa mwili mwenyewe anayezituliza seli za kinga.

Kwa watu wengi makubaliano haya kati ya kirusi na kinga hudumu kwa amani hadi kaburini. Malaria ya mara kwa mara huyavuruga. Huzichosha seli T zinazokidhibiti kirusi, na wakati huohuo huzichochea seli B kugawanyika kwa kasi. Katika vurumai hiyo kromosomu hukatika na kuungana vibaya, jeni moja ya ukuaji huwashwa isizimike, na saratani huzaliwa. Seli ya saratani hubakiza protini ile moja isiyoonekana kwa urahisi. Ndiyo maana kinga ya mtoto huipita bila kuijua.

Tiba

Kwanza Burkitt alijaribu kisu, na kisu kilishindwa. Kukata taya za mtoto kulimharibu uso bila kumwokoa, na Uganda haikuwa na mashine za tiba ya miale. Akageukia dawa za kemikali, nyingine alizopewa na kampuni bila malipo. Kilichofuata kilishangaza hata walimwengu wa Marekani waliokuwa na hospitali kubwa: uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi kidogo tu. Hizi zilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa pekee. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, kikawa chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wageni walipoondoka katika enzi ya Idi Amin, Mganda Charles Olweny aliiongoza taasisi hiyo katika miaka ya dhiki.

Miaka ya Baadaye

Burkitt alirejea Uingereza mwaka wa 1966. Huko aliigeuzia chakula mbinu ileile ya ramani na barua. Aliuliza kwa nini magonjwa ya utumbo yaliyojaa London yalikuwa nadra katika hospitali za vijijini Afrika, akafikia hoja kwamba chakula kilichokobolewa kimenyang'anywa nyuzilishe. Kitabu chake cha mwaka wa 1979 kiliwafikia wasomaji wengi. Wahakiki wamesema, na si bila sababu, kwamba ushahidi wake hapa ulikuwa mwepesi, kwani ugonjwa usioandikwa hospitalini si lazima uwe haupo. Hata hivyo, tafiti za baadaye zimeunga mkono sehemu ya hoja yake, hasa kuhusu saratani ya utumbo mpana.

Heshima zilimjia. Mwaka wa 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, na mwaka uo huo akashiriki tuzo ya Lasker. Aliaga dunia tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82. Epstein, aliyemsikiliza London mwaka wa 1961, alifariki Februari 2024 akiwa amepita miaka mia moja.

Tathmini na Tamati

Ugonjwa huu unaitwa limfoma ya Burkitt. Jina hilo ni la haki, lakini halisemi yote. Halimtaji mvulana wa Mulago wala mtoto wa Jinja, ambao nyuso zao zilizunguka bara zima katika picha na ambao hawakupata tiba iliyotokana nazo. Halitaji mama waliowabeba watoto kwa miguu hadi hospitalini, wala wauguzi na wakalimani wa Kiafrika ambao bila ndimi zao daktari asingejua mgonjwa ametoka wapi. Sayansi iliyojengwa juu ya swali la wapi ilijengwa juu ya majibu ya watu hawa.

Deni hilo halijalipwa. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika mkanda uleule aliouchora, waponao ni wachache kuliko hao, kwa kuwa wengi hufika wakiwa wamechelewa au hukosa dawa. Chanjo ya kirusi hiki haijaidhinishwa mpaka sasa, ingawa utafiti wa mwaka wa 2022 umekihusisha pia na ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi, na hivyo kuongeza haja ya chanjo hiyo.

Kuna deni jingine linalowahusu wanaosoma lugha. Kiswahili kina tetekuwanga, mkanda wa jeshi, malengelenge na homa ya matezi, maneno manne ya maradhi ambayo sayansi imethibitisha kuwa ni ya ukoo mmoja. Msemaji wa Kiswahili ana majina ya watoto, lakini hajaambiwa kwa lugha yake kwamba wana mzazi mmoja. Mama wa Siaya au Kilifi anayeona taya ya mwanawe ikivimba anahitaji maelezo atakayoyaelewa siku hiyo hiyo, kwa sababu uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha. Burkitt alivuka nusu ya bara kwa picha na swali jepesi ambalo kila muuguzi aliweza kulijibu. Kuyarudisha majibu kwa lugha ambayo kila mzazi anaweza kuisoma ni kazi isiyohitaji hadubini.